Tairi la Gari Halilali Kwenye Kona

Noor aliniambia, "Ayeeyo, sasa umepumzika. Tuandikie maneno mawili matatu kuhusu kazi, sisi tuliobaki kibandani." Ayeeyo kwetu ni nyanya, na Noor ndiye niliyemwachia kibanda changu cha kuziba pancha hapa Garissa, karibu na kituo cha mikokoteni ya punda. Nadhani alitaka nimwandikie shukrani. Nimekaa siku nzima nikitafuta shukrani, nimepata hasira. Basi jueni mapema, anayewaandikia amekasirika, na aliyemkasirisha ni gurudumu.

Naandika Kiswahili kwa sababu kibandani kwetu kuna Msomali, kuna Mkamba, kuna Mmalakote na Mborana, na bila Kiswahili tungekuwa tunaonyeshana vidole tu. Ulimi wangu mpaka leo husema "bikibiki" badala ya pikipiki. Mkono ulifundishwa kwenye darasa la ngumbaru, nao una adabu zaidi kuliko ulimi. Shule ya utotoni nilikaa kidogo tu kabla sijaitwa nikachunge mbuzi. Lakini majina sisahau. Mtu akiniletea tairi mara moja, nitamjua yeye, nitamjua baba yake, na mwiba uliomchoma nitaujua umetoka kichaka gani.

Kazi hii sikuitafuta. Nilikuwa mjane ninayeuza chai, na jirani wa birika langu alikuwa fundi Mutua, Mkamba wa upande wa Mwingi, mtu mfupi, mikono mipana, na kofia ambayo sikuwahi kuona kilicho chini yake. Alikuwa akiziba matairi ya mikokoteni ya maji. Fundi wa pancha anahitaji beseni la maji ili aone mapovu yanatokea wapi. Muuza chai naye anahitaji maji. Kwa hivyo kabla hatujawa marafiki tuligombana kuhusu beseni.

"Mama Halima," akaniita siku moja, maana Halima ni binti yangu wa kwanza, "hayo maji uliyoyachota nimeoshea tyubu ya punda."

"Punda hana tyubu."

"Basi wateja wako wamekunywa mkokoteni."

Chai ile ilikuwa imekwisha na hakuna aliyelalamika. Mmoja aliniambia leo majani yamekolea.

Siku yangu ya kwanza ya kushika tairi, Mutua alikuwa amejikata kidole, na mwenye mkokoteni, Guhad, alikuwa akipiga kelele kwamba punda wake anaungua na jua. Mutua akasema, "Mama Halima, wewe unatazama kila siku. Njoo ufanye, mimi nitasema." Guhad akacheka mpaka akashika mgongo wa punda. "Mutua, wanaume wameisha Garissa? Unashikiwa tairi na mwanamke?"

Nikamwambia, "Guhad, punda wako ni jike, na ndiye anayekulisha."

Hakucheka tena. Nikafunga mikono ya nguo yangu, nikachukua msasa, nikakwangua tyubu mahali penye tundu, nikafikia chupa ya solusheni, ile gundi ya kiraka, nipake. Mutua akanigonga mkono kwa mpini wa pampu. "Mwiba uko wapi?"

"Mwiba gani?"

"Uliotoboa. Ukiweka kiraka na mwiba bado umo ndani ya tairi, Guhad atafika pale kwenye duka la sukari na kurudi. Tafuta mwiba kwanza, kiraka baadaye."

Akanionyesha namna. Usiingize kidole hivi hivi, utaumia. Chukua kitambaa cha zamani, cha pamba, kilaini, ukipitishe polepole ndani ya tairi zima. Mwiba wenyewe utakishika. Palipokwama ndipo. Ule wa Guhad ulikuwa umekatikia ndani, umebaki ncha tu, kitu ambacho jicho lisingekiona. Nimefundisha watu wengi kazi hii na wote nimewaanzia hapo, kwenye kitambaa. Noor ni shahidi. Nilimnyima solusheni mpaka akaanza kuota vitambaa.

Sasa sikilizeni kuhusu tairi la gari, msije mkasema nilikuwa na chuki nalo. Nimekula kwa tairi la gari. Mikokoteni yote ya punda hapa mjini inatembea kwa matairi ya gari yaliyochoka, na ni matairi mazuri kwa kazi hiyo. Mkokoteni haulali. Unakwenda sawa, magurudumu mawili yanasaidiana, na punda mbele hana haraka na mtu. Tairi lililozeeka kwenye gari likaja kumalizia maisha kwenye mkokoteni limepata uzee mwema. Wengi wetu hatupati.

Pikipiki zilipoanza kuwa nyingi, Mutua alinifundisha somo la mwisho kabla mgongo haujamrudisha kwao. Alichukua tairi la pikipiki akalisimamisha chini. "Liangalie mgongo. Limeviringana kama mgongo wa mbuzi." Akalilaza kushoto, akalilaza kulia. "Pikipiki ikikata kona hulala. Tairi hili likilala bado linakanyaga ardhi, kwa sababu limeviringana mpaka ubavuni." Kisha akasimamisha la gari. "Hili lina wayo bapa. Likisimama, limekanyaga lote. Sasa lilaze." Nikalilaza. Likabaki limesimama kwa ukingo, kama mtu aliyesimama kwenye mdomo wa kisima.

"Ukiliachia?" akauliza.

Nikaliachia. Likarudi kusimama wima.

"Ndiyo tabia yake. Gari halilali kwenye kona, na tairi lake halijui kulala. Usilifundishe."

Akaniachia vyuma vyake viwili vya kufungulia tairi, vimelika katikati kwa kidole gumba chake. Nilivitumia mpaka navyo vikajua kidole changu.

Miaka ya pikipiki ndiyo iliyokuwa migumu na ndiyo niliyoipenda. Kile kichaka cha mathenge kilichotuvamia kimenipa wateja kuliko tangazo lolote, lakini miiba yake ni ya fitina. Inakatika, inajificha, inangoja mwenye pikipiki afike mbali na watu. Kuno alinijia kutoka njia ya Liboi, tairi la nyuma limevimba kama tumbo la mbuzi aliyekula mahindi. Tyubu ilimfia porini, akajaza tairi nyasi. Nyasi zikasagika, akajaza nguo. Nilipoanza kuvuta akanishika mkono.

"Ayeeyo, polepole. Hiyo ni shuka ya mama mkwe."

"Mkweo yu hai?"

"Yu hai. Ndiyo maana nasema polepole."

Simlaumu Kuno. Mtu aliyekwama porini atajaza tairi hata kofia yake, alimradi afike. Hiyo ni shida, na shida ina heshima yake. Ninayemlaumu ni mtu aliye mjini, kwenye kivuli, ameshiba, anayechukua pikipiki nzima akaiharibu kwa kusudi na kuiita maendeleo.

Namsema Dakane. Dakane ni fundi wa kuchomelea, na sitasema uongo, milango yake ni mizuri. Nyumba yangu ina mlango wake na unafungika. Lakini mlango haukati kona. Siku moja alichukua rimu ya gari dogo, akakata tumbo lake, akachomelea katikati kitovu cha gurudumu la pikipiki kwa vipande vya nondo. Akapanua mikono ya nyuma ya pikipiki ili kitu hicho kiingie, akakivika tairi la gari lililokwisha meno. Wa kwanza kumtengenezea alikuwa Mahat, mbeba maziwa.

Mahat nilimjua vizuri. Kila siku alikwenda upande wa Balambala kwenye ngamia, akarudi na madumu ya maziwa yakining'inia huku na huku, na mara nyingi nyuma yake amekaa Rukia, mwenye maziwa. Rukia ni rafiki yangu tangu enzi za birika. Chai yangu yote ilikuwa maziwa yake. Alikuwa haamini mtu awapimie maziwa wenye ngamia bila yeye kuwepo, kwa hivyo alipanda pikipiki mwenyewe, amejifunga shungi, kifua mbele kama mkuu wa wilaya.

Na Mahat alikuwa na sababu, lazima niseme. Kuna laga njiani, mto mkavu wa mchanga, na pikipiki yenye madumu huzama pale mpaka kwenye ekseli. Anashuka, anasukuma, jua linapanda, maziwa yanachacha, na mjini wateja wanamrukia Rukia. Basi akaja kibandani na gurudumu lile bado jipya la Dakane, anataka niliongezee upepo. Waendesha pikipiki wengine walikuwepo, akiwemo mdogo wake, Sahal, ambaye naye hubeba abiria.

"Salaam aleikum, Ayeeyo."

"Wa aleikum salaam. Hilo la gari la nani?"

"La pikipiki yangu."

"Pikipiki yako imeolewa na gari?"

Wakacheka. Mahat hakucheka. Akasema, "Chekeni. Leo nimevuka laga bila kushuka, na maziwa yamefika yakiwa na povu. Ayeeyo, wewe ni mtu wa ngamia. Ngamia anavukaje mchanga? Ana wayo mpana. Huu ndio wayo wa ngamia nimeutia kwenye pikipiki."

Wote wakanitazama. Kwetu mtu akishamleta ngamia kwenye mabishano, ni kama ameleta shahidi mwenye ndevu. Hapo ndipo kosa lote lilipoanzia, na nasema ni kosa letu sisi watu wa ngamia. Mpokomo, mkulima wa mtoni, asingeingia kwenye mtego huo.

"Kwenye matope ngamia umemwona?" nikamuuliza.

"Nimemwona."

"Anafanyaje?"

Mahat akaangalia tairi lake. Sahal, ambaye mdomo wake hauna breki, akasema, "Anateleza. Miguu inakwenda huku na huku, nyonga inapasuka."

"Halafu?"

"Anachinjwa."

"Basi Mahat, omba mvua isinyeshe, maana wewe hatuwezi kukuchinja."

Kicheko tena. Lakini sikuwa nacheka. Nikamketisha nikamwambia: ukifika laga, punguza upepo kwenye tairi lako la kawaida, litatanuka litapita. Ukivuka, jaza. Pampu nitakupa. Na dumu moja liache. Akasema akiacha dumu moja Rukia atamla nyama. Nikamwonyesha alichonionyesha Mutua, tairi la mviringo na la wayo bapa, nikalilaza, nikaliachia likasimama. Akatazama kama mtu anayetazama mchezo wa watoto.

"Ayeeyo, tia upepo tu. Nitaenda polepole kwenye kona."

"Upepo wangu hauingii hapo."

"Walaahi utaninyima upepo? Upepo wa Mungu?"

"Wa Mungu uko nje, fungua mdomo. Huu wa pampu ni wangu."

Akaenda kutiwa upepo kwa Dakane mwenyewe. Nami kila nilipomwona Rukia amekaa nyuma ya gurudumu lile nilimwambia ashuke. Akaniita kwa jina langu, "Dekha, wivu. Umezoea kunichelewesha na chai yako ya baridi." Ndivyo tulivyokuwa tunazungumza. Nakumbuka maneno hayo kuliko ninavyotaka.

Mvua ilikuja kwa nguvu. Ile kona ambako njia ya Balambala inapinda karibu na mathenge, ardhi yake ikilowa huwa kama sabuni. Mahat alikwenda polepole, namwamini, alikuwa mtu wa ahadi. Nilipokwenda kumwona hospitali, bega limefungwa, aliniambia neno moja ambalo ningetaka liandikwe ukutani kwa Dakane: "Ayeeyo, nililaza, ikakataa kulala." Pikipiki ilisimama wima katikati ya kona ikaenda moja kwa moja kwenye mathenge, na ilipoanguka iliangukia mguu wa Rukia, na madumu juu yake.

Mguu ulivunjika mahali pawili. Umeunga, lakini umeunga vibaya. Mwanamke aliyekuwa akiwahesabia wenye ngamia kila kikombe sasa anatembea kwa fimbo kutoka kitandani mpaka mlangoni.

Na gurudumu? Gurudumu lilitoka bila mkwaruzo. Pikipiki ilipinda, bega lilitoka, mguu ulivunjika, maziwa yalimwagika, gurudumu likaokotwa zima, zuri, tayari kwa kazi.

Wazee wakakaa. Kwetu jambo kama hili hukalishwa chini, kila upande una wasemaji wake, na hulka ya kikao ni kutafuta amani kabla chuki haijaota. Sina neno na kikao. Kikao kimezuia damu nyingi hapa. Walikaa uani kwa hoteli ya chai, Mzee Bille akiwa mwenyekiti, mtu mpole wa sauti, ambaye sijamsikia akigombana na mtu maishani. Sisi wanawake tulikuwa upande wa pili wa pazia. Nilikuwa nimeitwa kwa sababu mtu alisema, na wengine wakashika, kwamba gurudumu lile lilivikwa kibandani kwangu.

Noor akasimama akasema alichokiona: kwamba nilikataa hata upepo. Sahal naye akasema vivyo hivyo, namshukuru. Dakane akajitetea. "Mimi nilitengeneza chuma, na chuma hakikuvunjika. Mnaweza kwenda kukitazama."

Ni kweli, chuma hakikuvunjika. Ndicho kilichonichoma zaidi.

Mzee Bille akafunga maneno. Akasema mvua ni ya Mungu, matope ni ya Mungu, na kilichotokea ni kadari. Familia ya Mahat na familia ya Dakane zitasaidiana kumtunza Rukia mpaka apone. Pikipiki itanyooshwa. Gurudumu apewe Sahal, ashike njia ya kaka yake, maziwa ya watu yasikatike. Wakainua mikono, wakasoma dua.

Nilisubiri dua iishe. Hilo mniandikie, kwamba nilisubiri.

"Mzee Bille," nikasema nikiwa nyuma ya pazia, "kadari naiamini. Lakini Mungu hakushika mashine ya kuchomelea."

Upande wa wanaume wakageuka kutazama pazia. Upande wetu mtu akanifinya.

"Dekha," akasema taratibu, "tumeshasoma dua."

"Dua nimeitikia. Lakini nyinyi mmeziba pancha na mwiba umo ndani. Kiraka chenu kizuri, sijaona kizuri kama hicho. Na huyu Sahal mnampa mwiba auendeshe."

"Eddo, hii si pancha," akasema Dakane, akiniita shangazi kwa heshima.

"Ingekuwa pancha, Rukia angekuwa amesimama hapa anakujibu mwenyewe."

Mzee Bille akakohoa. Sikumlaumu, alikuwa amejenga ukuta wake wa amani na mimi nachomoa matofali. Akageukia jambo lingine kama wanavyofanya watu wa busara. Akasema jina langu limeguswa bure, nimesingiziwa kazi ambayo sikuifanya, na heshima ya mtu mzima haiachwi hivyo. Wenye kusema wataniletea kondoo.

"Kondoo simtaki," nikasema. "Nataka gurudumu."

Minong'ono. Mtu akasema gurudumu halimo kwenye kosa. Nikamjibu kwamba kondoo pia hajakosea na mlikuwa mnamleta. Dakane akasema hiyo ni kazi ya mkono wake, itampa jina baya ikikaa kwa mtu asiyeipenda. Sahal akalia kabisa: "Ayeeyo, na maziwa?"

"Maziwa yaliingia Garissa kabla babako hajazaliwa. Yatafika."

"Utalifanyia nini?" akauliza Mzee Bille.

"Mtu akipewa kondoo wa heshima, huulizwa kama atamla au atamfuga?"

Nilijua nimempata, kwa sababu huo ni utaratibu wao wenyewe. Kilichotolewa kusafisha jina hakina masharti. Kunikatalia ingekuwa kuacha jina langu chafu mbele ya watu wote, na Mzee Bille si mtu wa kuacha kitu kichafu. Akasema nipewe. Lakini hakusema Dakane aache. Hakuna aliyesema Dakane aache. Mpaka leo naandika hakuna aliyesema, na ndiyo sababu kalamu inakwaruza karatasi.

Noor alilibeba mpaka kibandani. Nililifungua mwenyewe kwa vyuma vya Mutua, na ilikuwa mara ya mwisho kuvitumia, magoti yalikuwa yameshaniambia inatosha. Mdomo wa tairi ulikuwa umekamata rimu vibaya, upande mmoja umepanda, mwingine umeshuka, kama mtu aliyevaa kiatu cha kukopa. Nikachukua kisu, nikawa nakichovya kwenye beseni, maana kisu kikavu hakikati mpira, nikalikata tairi mduara upande mmoja, nikaligeuza ndani nje. Wanaofuga wanajua linavyokuwa: bakuli pana, lisilovunjika, la kunyweshea mifugo. Mtoto wa Guhad, ambaye sasa ndiye mwenye mkokoteni, akalipakia akalipeleka kwa Rukia. Rukia sasa anafuga mbuzi wachache uani, kwa sababu mbuzi hawahitaji kufuatwa Balambala. Rimu tukailaza chini, bakuli juu yake, mbuzi wasilipindue. Limekaa pale na wayo wake bapa, halina kona ya kukata.

Sahal alinijia nyumbani hazikupita siku nyingi. Akakaa kwenye mkeka, akanywa chai, akasifu chai, nikajua anataka kitu.

"Ayeeyo, lile gurudumu. Wanaume wameshamaliza maneno yao. Niazime tu. Mvua imekatika. Laga inaniua."

"Nimelitoa."

"Kwa nani?"

"Liko kwa Rukia. Nenda kamwombe. Akikupa, mimi sina neno."

Alifurahi. Akapiga pikipiki teke akaondoka. Yaliyofuata alinisimulia Rukia mwenyewe. Sahal alibisha hodi akakaribishwa, akaketi. Akaliona bakuli uani, mbuzi wawili wameinamisha vichwa, mmoja ametia miguu ya mbele majini kama kawaida ya mbuzi. Rukia alijua amefuata nini. Lakini mgeni ni mgeni. Akainuka kwenda kumletea maziwa. Akachukua fimbo. Uani kwake si pakubwa, lakini ule mguu unaufanya mpana, na Sahal alisema "Mama Rukia, kaa, usihangaike," na Rukia akasema, "Utaondoka kwangu na kiu?" akaendelea kwenda, akarudi na kikombe, akipumzika njiani mara kwa mara ameshika ukuta. Sahal akanywa. Akarudisha kikombe kwa mikono miwili.

"Ulikuwa na neno, mwanangu?" Rukia akamuuliza.

"Nilikuja kukusalimia tu," akasema.

Kesho yake alikuja kibandani na tairi lake la nyuma la kawaida, la mgongo wa mbuzi, halina upepo. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha wageni, maana vyuma nimeshampa Noor. Sahal hakusema gurudumu, nami sikusema. Noor akachukua kitambaa. Nilimpa Sahal ile pampu niliyomwahidi kaka yake.

Msidhani nimeridhika. Mmoja amerudi. Dakane bado ana mashine, na nimesikia kuna rimu nyingine mbili za gari zimeegemea ukuta wake, kila moja ina mtu anayeingojea kwa hamu. Kikao kimeshafungwa. Mvua haijafungwa.

Kwa hivyo nyinyi mliobaki kibandani, ni haya tu. Vyuma vya Mutua viko mikononi mwenu, visivike tairi la gari kwenye pikipiki hata mtu akija analia. Akikuletea habari za ngamia, usibishane naye, utashindwa, sisi sote tumelelewa na ngamia. Mwambie ana kiu, aende kwa Rukia akaombe maziwa, na amngojee mpaka ayalete.